Bushi Kwanza, Alaimenti Baadaye: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Kibaha na Kisarawe

Wakazi wengi wa Kibaha na Kisarawe wana gari moja linalofanya kazi mbili. Katikati ya wiki linashuka Barabara ya Morogoro kutoka Maili Moja hadi Mbezi, likipishana na malori ya mikoani, au linatoka Kisarawe mjini kupitia Pugu na Gongo la Mboto. Mwisho wa wiki linaingia kwenye udongo: Soga, Magindu, Mzenga, Maneromango, likiwa na mbegu na mbolea wakati wa kwenda na magunia ya mihogo wakati wa kurudi. Lami inataka gari linalonyooka kwa mwendo mkubwa. Udongo unalitikisa kila hatua. Kati ya madai hayo mawili vimekaa vipande vya mpira ambavyo wenye magari wengi hawajawahi kuviona: bushi za amu.

Bushi zikichoka, tairi huanza kuliwa upande wa ndani na usukani hukaa pembeni. Mwenye gari huenda moja kwa moja kufanya alaimenti, analipa, na baada ya wiki chache tairi linaliwa vilevile. Mara nyingi mashine haikukosea. Ilipima gari lililosimama, ilhali amu zilizolegea huhama mara tu gari linapoanza kutembea, kufunga breki au kupanda tuta.

Mfuatano sahihi ni huu: kagua, badilisha kilichochoka, kaza gari likiwa limebeba uzito wake, kisha ndipo upime na kurekebisha magurudumu. Ukiruka hatua moja, fedha ya hatua inayofuata imepotea.

KAZI YA BUSHI

Bushi ya kawaida ina sehemu tatu: bomba la chuma la nje, bomba dogo la ndani ambamo bolti hupita, na mpira uliogandishwa katikati yake. Bomba la nje hushindiliwa ndani ya amu. La ndani hubanwa na bolti kwenye sabufremu na halizunguki tena. Kwa hiyo amu inapopanda na kushuka, hakuna chuma kinachosugua chuma. Ni mpira unaojisokota na kurudi mahali pake, ukifanya kazi inayofanana na ya gegedu ndani ya goti.

Mpira huo una majukumu matatu. Unaruhusu gurudumu lipande na kushuka, unazuia kelele na mtikisiko visifike ndani ya gari, na unalishikilia gurudumu katika pembe ambayo mtengenezaji aliipanga. Jukumu la tatu ndilo linaloamua uhai wa tairi.

Umri unaua bushi hata kama kilomita ni chache. Toyota IST ya kizazi cha kwanza, iliyojaa katika mitaa ya Kibaha, ilitengenezwa Japani kati ya 2002 na 2007. Hata iliyotoka kiwandani mwisho ina mpira wa karibu miaka 20 kama haujawahi kubadilishwa. Joto hukausha mpira, mafuta ya injini yanayovuja huuvimbisha na kuulainisha, mzigo mzito huukandamiza, na mashimo huuchana. Njia za Kisarawe vijijini huongeza jambo jingine: mawimbi madogo ya udongo mkavu, yanayozilazimisha amu kwenda na kurudi bila kupumzika kwa mwendo wote wa safari.

Idadi na mahali pa bushi hutegemea gari. Kwa IST, Vitz na magari madogo yanayofanana nayo, kila amu ya mbele ina bushi mbili: ndogo ya mbele na kubwa ya nyuma. Ekseli ya nyuma ina nyingine mbili kubwa. Prado ina amu za juu na za chini mbele, na fito kadhaa nyuma, kila fito ikiwa na bushi zake. Hiace na pikapu nyingi zina bushi kwenye macho ya springi za nyuma. Karibu magari yote yana pia mipira ya stabilaiza, ambayo ni rahisi na ya bei ndogo, lakini ikichoka hupiga kelele kama ugonjwa mkubwa.

DALILI ZA BUSHI ILIYOCHOKA

Weka alama kwenye kila dalili unayoiona. Mbili au zaidi zinatosha kukupeleka chini ya gari.

☐ Mlio wa "ko" mbele unapopita kwenye tuta au rasta, hasa kwa mwendo mdogo
☐ Gari linavuta upande mmoja unapofunga breki, kisha linanyooka unapoziachia
☐ Usukani haukai katikati kwenye barabara iliyonyooka, au hubadilika siku kwa siku
☐ Gari linayumba kwenye lami kwa mwendo mkubwa na kukulazimisha kulirekebisha kila mara
☐ Tairi linaliwa ukingo wa ndani au wa nje kuliko katikati
☐ Mshtuko au mlio mmoja unapotoa gari kwa kasi au kubadilisha kutoka mbele kwenda rivasi
☐ Alaimenti iliyofanywa karibuni haikudumu

Usichanganye dalili hizi na za balansi. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kutulia ukipunguza mwendo, kwa kawaida unadai balansi ya magurudumu. Gari linalovuta upande bila kutetemeka linadai kukaguliwa bushi, tairi, breki na alaimenti.

Kumbuka pia kwamba barabara hujengwa ikiwa na mteremko mdogo kuelekea ukingoni ili maji yatoke. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, gari zima kabisa linaweza kusogea kidogo sana kushoto ukiuachia usukani. Huo si ugonjwa.

UKAGUZI WA NYUMBANI

Kazi hii inaweza kufanyika uani kwa muda wa nusu saa, mradi ardhi iwe tambarare na ngumu. Mchanga laini haufai kwa jeki.

1. Soma tairi kwanza. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha rudisha. Ukihisi laini upande mmoja na makali upande wa pili, tairi linaburuzwa kando. Likiwa limeliwa katikati, upepo umezidi. Kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Mabonde mabonde kuzunguka tairi huashiria shokapu iliyochoka au balansi.
2. Zuia gari. Funga hendibreki, weka kabari nyuma na mbele ya gurudumu la nyuma.
3. Inua kwa jeki, kisha weka stendi. Sukuma gari kwa mkono kuhakikisha limetulia kabla mtu hajaingiza hata mkono chini yake.
4. Tikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, shuku beringi au boljointi.
5. Tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, shuku tairodi au raki ya usukani.
6. Pima bushi kwa mtaimbo mdogo. Uingize kati ya amu na sabufremu, sukuma taratibu. Mpira kunyumbuka kidogo na kurudi ni kawaida. Amu ikiruka huku chuma kikigonga chuma, bushi imekwisha.
7. Angalia kwa tochi. Tafuta mpira uliotengana na chuma, ufa unaozama hadi ndani, bomba la ndani lililohama katikati, au majimaji meusi yanayotoka. Baadhi ya bushi kubwa huwa na kimiminika ndani, na kikivuja bushi hiyo haifai tena. Nyufa nyembamba za juujuu pekee hazitoshi kuihukumu.
8. Shusha gari, mpe msaidizi usukani. Injini ikiwa inaunguruma, ageuze kidogo kushoto na kulia wakati wewe, ukiwa kando, unatazama amu na tairodi kupitia nafasi ya gurudumu. Kinachocheza huonekana upesi.

> ONYO
> Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mawe, matofali na magogo hupasuka au kuteleza bila kutoa taarifa. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kutazama.

BUSHI PEKE YAKE AU AMU NZIMA?

Swali hili huulizwa kila gereji, na jibu lake linategemea hali ya vitu vitatu.

Kama boljointi bado ni nzima na amu haijapinda wala kuliwa na kutu, badilisha bushi peke yake. Kama boljointi imechoka na imeunganishwa moja kwa moja na amu, amu mpya iliyokuja na bushi na boljointi mara nyingi ndiyo nafuu, kwa sababu unaokoa gharama ya presi na saa za fundi. Kama amu imepinda kwa sababu gari lilitumbukia korongoni, bushi mpya hazitainyoosha; ibadilishe.

Badilisha pande zote mbili pamoja. Bushi mpya kulia na ya zamani kushoto hulifanya gari lijibu breki kwa namna mbili tofauti.

Bushi za poliurethane hupatikana pia. Ni ngumu kuliko mpira, hudumu na hazidhuriwi upesi na mafuta, lakini huingiza mtikisiko zaidi ndani ya gari na nyingine huanza kulia zisipopakwa grisi ya silikoni. Kwa gari la familia, mpira wa ubora mzuri unatosha.

> UNAPONUNUA SPEA
> • Nenda na namba ya chasi. "Bushi ya IST" haitoshi: kuna NCP60, NCP61 na nyinginezo, na muuzaji makini huanza na chasi.
> • Ukifuata spea Kariakoo, Gerezani au Ilala, beba ya zamani au picha yake ikiwa na rula pembeni. Linganisha kipenyo cha nje, urefu, tundu la bolti na nafasi zilizo kwenye mpira.
> • Kagua kama mpira umeshika chuma pande zote, bomba la ndani limekaa katikati, na chuma hakina kutu.
> • Amu ya mtumba inaweza kuwa chuma kizuri, lakini mpira wake unaweza kuwa na umri uleule wa ulioutoa. Nunua ya mtumba kwa ajili ya chuma, kisha weka bushi mpya.
> • Nunua pamoja na nati mpya za kujifunga na pini za boljointi. Vitu hivi havikusudiwi kurudiwa.
> • Dai risiti yenye jina la spea na masharti ya kuirudisha isipofaa.

VIFAA

☐ Jeki imara na stendi mbili
☐ Kabari za magurudumu
☐ Seti ya soketi, spana na mkono mrefu
☐ Spana ya torki
☐ Kifaa cha kutolea boljointi
☐ Brashi ya waya, msasa laini na dawa ya kulegeza kutu
☐ Rangi au chaki ya kuwekea alama
☐ Sabuni ya maji
☐ Miwani ya kinga na glavu
☐ Mahali penye mashine ya presi

Usipokuwa na presi, kazi bado inawezekana: toa amu mwenyewe, ipeleke kwenye karakana yenye presi, kisha irudishe. Bei ya kushindilia bushi itakuwa ndogo kuliko kumlipa fundi kazi nzima. Asiye na stendi na spana ya torki amwachie fundi, na autumie mwongozo huu kuisimamia kazi.

KUBADILISHA BUSHI ZA AMU YA MBELE

Hatua hizi zinafaa magari madogo yenye shokapu na springi zilizosimama pamoja mbele, kama IST, Vitz na Corolla. Magari yenye amu za juu na chini yana hatua zaidi.

1. Legeza nati za magurudumu gari likiwa chini, nusu mzunguko tu. Kulegeza gari likiwa juu kunaweza kulitikisa litoke kwenye stendi.
2. Inua magurudumu yote mawili ya mbele. Ukiinua moja, stabilaiza itabaki imejisokota na inaweza kukurukia unapoifungua. Weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa, si kwenye bodi nyembamba.
3. Piga picha na weka alama. Kwenye Prado na magari mengine yenye bolti za kurekebishia pembe, chora mstari wa rangi kwenye bolti na mahali inapokaa. Bila alama hiyo gari linaweza kufika kwenye mashine likiwa limepinda vibaya.
4. Safisha bolti kwa brashi ya waya na uzipulizie dawa ya kutu. Subiri. Haraka hapa huvunja bolti.
5. Fungua linki ya stabilaiza ikiwa imeshikwa kwenye amu.
6. Toa boljointi kwa kifaa chake. Uma wa kugonga kwa nyundo huchana mpira wa vumbi, na mpira ukichanika boljointi nzima hufa kwa mchanga.
7. Funga kitovu cha gurudumu kwa waya imara. Kisining'inie kwenye mpira wa breki, na kisivutwe nje hadi shafti ya kuendeshea ikatoka kwenye jointi yake.
8. Toa bolti za amu. Kwenye baadhi ya magari madogo ya Toyota, bolti moja upande wa giaboksi haitoki mpaka sabufremu ishushwe kidogo. Ikiwa hivyo, injini ishikiliwe kwanza.
9. Chora mwelekeo wa bushi ya zamani kabla ya kuitoa. Bushi kubwa ya nyuma mara nyingi ina nafasi mbili kwenye mpira. Nafasi hizo zimekusudiwa kuwa laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Pima pia kina chake.
10. Itoe kwa presi. Fundi akilazimika kukata bomba la nje kwa tindo, asijeruhi tundu la amu. Kuchoma mpira kwa gesi hutoa moshi wenye sumu na huweza kuharibu chuma, kataa.
11. Safisha tundu kwa msasa laini, paka sabuni ya maji, shindilia bushi mpya. Presi isukume bomba la nje peke yake. Ikisukuma mpira au bomba la ndani, bushi imechanika kabla ya kufanya kazi. Usipake grisi ya kawaida wala oili. Mafuta hula mpira.
12. Rudisha amu na ukaze bolti kwa mkono tu. Kaza boljointi na uweke pini mpya.
13. Lipe gari uzito wake. Rudisha magurudumu, lishushe, lisukume mbele na nyuma kidogo, kandamiza pua yake mara kadhaa litulie. Kwenye gereji yenye shimo, fundi huingia chini na kukaza. Pasipo shimo, acha gari kwenye stendi, chomeka jeki chini ya ncha ya nje ya amu, karibu na boljointi, inyanyue hadi gari lianze kuinuka kwenye stendi.
14. Sasa kaza bolti za bushi kwa torki ya mtengenezaji. Itafute kwenye kitabu cha ukarabati cha gari lako, usikisie.
15. Kaza nati za magurudumu kwa mtindo wa msalaba. Kwa magari mengi madogo ya Toyota ni 103 Nm. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Hatua ya 13 ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Bolti ikikazwa wakati gurudumu linaning'inia, bomba la ndani hufungwa katika nafasi hiyo ya chini. Gari likishushwa, mpira hujisokota na kubaki umejisokota hata gari likiwa limeegeshwa. Kila shimo huongeza msokoto juu ya msokoto, na bushi mpya huchanika mapema sana. Mwenye gari hulaumu spea feki, wakati mwingine kwa haki, lakini mara nyingi kosa lilikuwa kwenye spana.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
> • Kugonga bushi kwa nyundo badala ya presi
> • Kuweka bushi kubwa bila kufuata alama ya mwelekeo
> • Kukaza bolti gari likiwa juu
> • Kubadilisha upande mmoja
> • Kuweka kipande cha mpira wa tairi kuziba bushi iliyolegea
> • Kuacha oili iendelee kuvuja juu ya bushi mpya
> • Kufanya alaimenti kabla ya kubadilisha tairodi iliyolegea

ALAIMENTI: PEMBE TATU

Mashine ya alaimenti hupima mambo mengi, lakini matatu ndiyo yanayomhusu kila mwenye gari.

Tou ni jinsi magurudumu mawili yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu. Yakiwa yamekaribiana mbele au nyuma kupita kiasi, kila moja huburuzwa kando wakati gari linakwenda moja kwa moja.

Kemba ni jinsi gurudumu lilivyolala kuelekea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele. Likilala sana, ukingo mmoja hubeba kazi yote.

Kasta ni mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni. Ndiyo inayourudisha usukani katikati baada ya kona. Kasta isiyolingana kushoto na kulia hulivuta gari, ingawa tairi linaweza kuonekana zima.

Tou ndiyo inayokula tairi upesi zaidi, na hesabu yake inaonekana. Chukua gari lenye tairi za 175/65R14, zenye kipenyo cha karibu sentimita 58. Tou ikikosewa kwa milimita 3 tu kwa jumla, kila gurudumu la mbele huburuzwa kando takribani mita 2.5 katika kila kilomita. Safari moja ya kilomita 40 kutoka Kibaha hadi katikati ya Dar es Salaam ni mita 100 za tairi kusuguliwa kwenye lami kama kifutio, na jioni kuna safari ya kurudi.

Si kila pembe hurekebishika. Kwenye IST, kinachorekebishwa kirahisi mbele ni tou, na ekseli ya nyuma haina mahali pa kurekebisha. Kwa hiyo kemba ikiwa nje ya kiwango kwenye gari hilo, kitu fulani kimechoka, kimepinda au kimefungwa vibaya. Kwenye Prado, bolti za amu za chini hurekebisha kemba na kasta. Magari kadhaa yenye amu za nyuma zinazojitegemea, kama RAV4 na Forester, hurekebishwa tou ya nyuma pia.

KABLA YA KWENDA KWENYE MASHINE

☐ Endesha siku moja au mbili baada ya kubadilisha bushi, kwa uangalifu, ili gari litulie katika kimo chake
☐ Jaza upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva
☐ Tairi za mbele ziwe za saizi moja na zilizoliwa kwa kulingana
☐ Toa magunia, madumu na vifaa vizito
☐ Hakikisha boljointi, tairodi, beringi na shokapu hazichezi
☐ Angalia alama za kikomo kwenye mifereji ya tairi. Huwekwa kwenye kina cha milimita 1.6. Tairi lililozifikia halistahili kufanyiwa alaimenti, bali kubadilishwa

KAZI ILIYO SAHIHI INAVYOKWENDA

Simama karibu uangalie. Fundi anayejua kazi hatakasirika.

1. Anauliza gari linasumbua nini, na analiendesha kidogo akiruhusiwa.
2. Anapima upepo na kutikisa magurudumu kabla ya kufunga chochote.
3. Analiweka gari kwenye mashine, magurudumu ya mbele juu ya sahani zinazozunguka.
4. Anafunga vishikio kwenye rimu zote nne na kulisogeza gari au kuzungusha gurudumu ili mashine ijue kama rimu imepinda.
5. Anachagua aina na mwaka wa gari lako kwenye kompyuta. Akichagua gari jingine, viwango vyote vitakuwa vya gari hilo jingine.
6. Anapima kwanza bila kugusa kitu na kuhifadhi namba za mwanzo.
7. Anarekebisha nyuma, kama panarekebishika, kisha mbele. Mwelekeo wa magurudumu ya nyuma ndio unaoamua gari litasukumwa wapi.
8. Anaanza na kasta na kemba, anamalizia na tou, kwa sababu pembe mbili za kwanza zikiguswa tou hubadilika.
9. Anaufunga usukani ukiwa katikati kabla ya kurekebisha tairodi za pande zote mbili.
10. Anakaza nati za tairodi, anahakikisha mipira yake ya vumbi haijajisokota, na kupima mara ya mwisho.
11. Anakupa karatasi yenye namba za mwanzo na za mwisho.
12. Mnalijaribu gari pamoja barabarani.

> KUSOMA KARATASI
> Tazama safu tatu: kipimo kabla, kipimo baada, na kiwango cha mtengenezaji. Rangi ya kijani huashiria ndani ya kiwango, nyekundu nje ya kiwango.
> • Linganisha kushoto na kulia. Pande mbili zinaweza zote kuwa kijani lakini zikatofautiana kiasi cha kulivuta gari.
> • Tou ya mbele igawanyike sawa kati ya magurudumu mawili.
> • Pakibaki rangi nyekundu, uliza: ni kipande gani kinasababisha? Jibu liwe jina la spea au sehemu iliyopinda.

Namba zikiwa nzuri na gari bado linavuta, badilishaneni tairi za mbele, la kulia liende kushoto, mradi si za kuzunguka upande mmoja. Gari likianza kuvuta upande wa pili, tatizo ni tairi. Lisipobadilika, kagua breki inayong'ang'ania.

UKIWA MBALI NA MASHINE

Gari likipata kipigo Maneromango au Magindu na tairodi ikabadilishwa hukohuko, tou inaweza kukadiriwa kwa kamba. Nyoosha usukani, funga kamba kutoka nyuma ya gari ipite kando ya tairi la nyuma na la mbele, moja kila upande, kwa umbali unaolingana kutoka katikati ya magurudumu. Pima kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Rekebisha tairodi hadi vipimo vikaribiane na pande zote zilingane. Njia hii inakutoa porini hadi mjini kwa mwendo wa taratibu. Haichukui nafasi ya mashine.

RATIBA YA KUFUATA

- Kila mwezi: upepo wa tairi, na kupitisha kiganja kwenye meno yake.
- Mwisho wa masika, mwezi Mei au Juni: ukaguzi kamili wa chini ya gari, kwa sababu mashimo yaliyofichwa na maji yameshafanya kazi yake. Rudia baada ya vuli kama gari linakwenda sana kwenye udongo.
- Baada ya kugonga shimo au ukingo kwa nguvu: kagua rimu, amu na tairodi, kisha pima alaimenti.
- Kila unapobadilisha amu, bushi, tairodi, shokapu za mbele au raki: alaimenti bila kuahirisha.
- Unapofunga tairi mpya: balansi ya zote na kipimo cha alaimenti kabla hazijaanza kuliwa.

Andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita, spea iliyowekwa na duka ilikonunuliwa, kisha bandika karatasi ya alaimenti ukurasa huohuo. Ukirudi kwenye mashine, mpe fundi karatasi ya zamani kabla hajafunga vishikio. Akilinganisha namba za mwisho za siku ile na za mwanzo za leo, ataona ni gurudumu lipi limehama na kwa pembe ipi, na ataanza kutikisa amu ya upande huo kabla ya kugusa tairodi.